Ziara ya miguu ya Malindi ya kale, kutoka Nyumba ya Nguzo hadi msalaba wa Wareno

Katika hoteli na nyumba za wageni za Malindi hutangazwa ziara ya miguu ya nusu siku, ambayo kila muuzaji huipa jina lake, lakini maana yake ni moja: dini na historia ya mji wa kale. Vikundi vya watembezaji wanaoiuza ni vingi. Hapa hakitajwi hata kimoja, kwa kuwa njia wanayopita ni ile ile, maelezo wamerithishana, na hata wanapokosea hukosea pamoja. Vituo ni vinne: jumba la makumbusho liitwalo Nyumba ya Nguzo, Msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya mnara, kanisa dogo la Wareno, na nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika hapa mwaka 1498, iliyo juu ya mwamba wa baharini. Ukienda taratibu ni mwendo wa saa tatu. Ukiharakishwa ni saa moja na nusu, na wengi huharakishwa.

Ziara hii inafaa kulipiwa. Upande wa majengo watembezaji wanaujua vizuri: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti, makuti, nani alikaa wapi. Upande wa ibada za watu, ambao ndio uliokuvuta ulipoona tangazo, hufanywa nusunusu. Utaambiwa Waislamu walikuwapo, Wareno wakaja na msalaba, wakapatana, basi. Mabaniani hawatajwi. Wagiriama wanatajwa kwa ngoma zao tu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakajitengenezea kijiji cha Kikristo huko bara husikii habari yao kabisa. Mgeni mwenye maswali mazuri hupata ziara nzuri. Anayenyamaza hupata hadithi ya Vasco da Gama mara nne.

Tuanze na pesa, maana ndipo ugomvi mwingi unapozuka. Nyumba ya Nguzo, kanisa na nguzo ya Vasco da Gama ziko chini ya Makumbusho ya Taifa, na tiketi moja hukuingiza pote patatu. Usiitupe ukishatoka kituo cha kwanza, kwa kuwa utaulizwa tena mbele. Malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, kwa hiyo beba simu yenye chaji na M-Pesa yenye salio, au kadi. Mkenya aje na kitambulisho. Bila hicho hakuna njia ya kuthibitisha kwamba unastahili bei ya mwananchi, na kuna bei nyingine kwa mkaazi na nyingine kwa mgeni. Ada ya mtembezaji ni mbali kabisa na tiketi. Msiondoke kabla ya kukubaliana mambo matatu: bei ni ya kundi au ya kila kichwa, tiketi imo au haimo, na tuktuk ya kurudi ni juu ya nani. Neno "kila kitu kimo" halitoshi. Mwambie akutajie kila kitu hicho ni kipi.

Wakati mzuri wa kuanza ni saa mbili na nusu asubuhi, siku yoyote isiyo Ijumaa. Kuanza saa tano ni kosa, kwa sababu kituo cha mwisho kiko juani kabisa, hakuna mti wala kibanda, na utakifikia jua la utosi. Wanaochagua alasiri waanze baada ya sala ya alasiri na wakaze mwendo, la sivyo watakuta milango ya makumbusho inafungwa. Ijumaa kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu mitaa ya msikitini si mahali pa kusimama na kundi la watu na kamera. Mwezi wa Ramadhani ziara hufanyika kama kawaida, ila chupa ya maji unywee ndani ya makumbusho au nyuma ya kanisa, si barazani mbele ya watu waliofunga.

Nyumba ya Nguzo ni jumba la ghorofa lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mfanyabiashara wa Kihindi, na nguzo zake nene za mviringo upande wa mbele ndizo zilizolipa jina. Baadaye liliwahi kuwa hospitali, kisha ofisi, na sasa ni makumbusho. Watembezaji hulipitia haraka, wakasimama kwenye silakanti, samaki wa kale aliyenaswa bahari ya Malindi mwaka 2001. Watoto wote hukwama hapo, na wana haki. Lakini kwa aliyekuja kwa ajili ya dini, jumba lenyewe ndilo somo. Muulize mtembezaji: Wahindi wa Malindi waliabudu nini? Jibu la "walikuwa Wahindi" ni la uvivu. Mabaniani ni watu wa mandiri, yaani mahekalu ya Kihindu, hawali ng'ombe, na maiti zao huzichoma. Mabohora ni Waislamu wa Kishia wenye msikiti wao na viongozi wao. Maismaili ni Mashia pia, lakini wana jamatkhana yao na imamu wao Aga Khan. Wote waliitwa Wahindi kwenye vitabu vya forodha vya Waingereza, na wote walikopesha, walinunua ufuta, mtama na pembe, wakauza nguo. Anayewatia chungu kimoja hataelewa kwa nini mji mdogo kama huu ulikuwa na nyumba za ibada nyingi hivyo.

Ndani humo, maonyesho hubadilishwa mara kwa mara, lakini ukikuta vigango, hapo ndipo pa kutumia muda. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, umechongwa kichwa cha duara juu na kunakshiwa pembetatu ndogo ndogo mwilini, na husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye uwezo miongoni mwa Wagiriama. Asiyekuwa Mgohu husimamishiwa koma, kijiti kifupi kisicho na nakshi. Kosa la watembezaji ni kusema kigango ni kama jiwe la kaburini. Kaburi liko kwingine. Kigango kinamsimamia marehemu nyumbani kwake, penye watu wake, ili apewe tembo la mnazi na chakula na asiwasumbue walio hai kwa ndoto na maradhi. Ndiyo maana hakihamishwi ovyo, na ndiyo maana wizi wake uliumiza: vingi viling'olewa kuanzia miaka ya 1970, vikauzwa kwa watalii na kuishia Marekani kwa wakusanyaji na kwenye makumbusho, baadhi vimerudishwa Kenya. Mtembezaji akikupeleka baadaye kwenye duka la vinyago na kukuonyesha "kigango cha zamani", ondoka. Kama ni cha zamani kimeibwa. Kama si cha zamani unadanganywa.

Msikiti wa Ijumaa uko hatua chache, na makaburi mawili ya mnara yako pembeni yake. Mrefu ni wa karne ya 15. Kaburi la mnara ni ukuta mfupi wa mstatili wa matumbawe, na upande mmoja, mara nyingi wa mashariki, huinuka nguzo ya mviringo au ya pande nyingi. Kazi yake ni hivi: matumbawe magumu ya nchi kavu hutiwa katikati, yale laini ya baharini huchongwa yakiwa bado mabichi kwa ajili ya nakshi, na juu hupakwa lipu ya chokaa iliyochomwa kwa kuni kwenye tanuu la wazi. Chokaa hiyo hupumua. Ukarabati wa saruji wa miaka ya karibuni, popote ulipofanywa pwani hii, hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya masika mawili matatu lipu hubanduka ikiwa na uso wa jiwe. Mtembezaji mzuri atakuonyesha mahali ambapo jambo hilo linaonekana.

Hapo hapo huja maelezo kwamba mnara ni ishara ya uume iliyotoka kwa Wagalla, yaani Waoromo. Ni dhana ya wataalamu wa zamani, imebaki dhana, na haifai kusemwa kama kwamba kuna mtu aliyeiandika kaburini. Kilicho wazi ni kwamba makaburi haya ni ya Waislamu wa mji, yamejengwa karibu na msikiti, na mengine ya aina hii pwani yana vitundu vilivyobandikwa bakuli za Kichina. Asiye Muislamu huyatazama kutoka nje, na hilo linatosha. Haingii msikitini isipokuwa amekaribishwa na wenyewe, na mtembezaji hana mamlaka ya kumkaribisha. Anayeambiwa atoe "sadaka ya msikiti" mkononi mwa mtembezaji ajue kwamba sadaka hutiwa kwenye sanduku la msikiti.

Eneo hili hutajwa pia kuwa ndipo palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alipotia saini mkataba wa kufunga masoko hayo. Watembezaji hulisema kwa sentensi moja na kuendelea. Hapa ndipo ziara inapopoteza sehemu kubwa kuliko zote, kwa sababu Malindi ya karne ya 19 ilisimama juu ya jambo hilo. Mji ulikuwa gofu: mmisionari Krapf alipoupitia katika miaka ya 1840 alikuta vichaka. Mwaka 1861 Sultani Majid akaleta watu na askari kuufufua, mashamba ya nafaka yakafunguliwa, na kazi ikafanywa na watumwa walioletwa kutoka kusini: Wayao, Wanyasa, Wamakua. Hao hawakuja bila dini. Walikuwa na mizimu yao, jando na unyago wao, pepo wao na waganga wao, na wakiwa mashambani wengi walisilimu, kwa nia au kwa kuwa mtu asiye na dini ya mji hakuhesabiwa kuwa mtu wa mji.

Wengine walikimbia. Bara ya Kilifi na Malindi, mahali paitwapo Fuladoyo, kulikuwa na kijiji cha watoro kilichoongozwa na David Koi, Mgiriama aliyebatizwa. Hakikuanzishwa na Mzungu, na kwa muda hakikuwa na Mzungu. Watu walilima, walisoma, walisali Jumapili, na waliwapokea waliokimbia minyororo. Mwaka 1883 Koi aliuawa na watu waliotoka pwani kuwatafuta watumwa wao. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1890, wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walikuwa na kituo Jilore, juu ya mto Sabaki. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda wa pwani hadi 1907. Muulize mtembezaji habari za Fuladoyo ukiwa umesimama penye soko. Anayejua atakuelezea robo saa nzima, na hiyo robo saa ina thamani kuliko vituo viwili vinavyofuata. Asiyejua atasema liko mbali. Ni kweli liko mbali, lakini waliolikimbilia walitoka hapa.

Kutoka msikitini njia inafuata ufuo kwenda kusini. Ni mwendo wa dakika kumi hadi kumi na tano, mchanga umejaa kando ya barabara, na viti vya magurudumu hupata shida. Mwenye tatizo la miguu achukue tuktuk hapa, asingoje kuchoka.

Kanisa la Wareno ni dogo sana: kuta nene za mawe zilizopakwa chokaa, paa la makuti, ua wenye makaburi. Kundi kubwa haliingii pamoja, kwa hiyo gawaneni. Makuti huchakaa, kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na yakichelewa mvua hupita na kuta hufanya ukungu mweusi. Harufu yake utaisikia ukiingia. Makaburi mengi unayoyaona nje ni ya Wazungu wa zama za Waingereza, si ya Wareno. Kosa hili hurudiwa karibu kila ziara, na dawa yake ni nyepesi: soma mawe, tarehe zimeandikwa.

Utaambiwa pia kwamba Vasco da Gama ndiye aliyelijenga. Omba ushahidi. Maandishi tuliyo nayo kuhusu Ukristo wa Malindi wakati huo ni barua ya Francis Xavier, mmisionari Mjesuiti aliyepita hapa mwaka 1542 akielekea Goa, India. Merikebu yao ilikuwa na maiti, wakamzika hapa, na anasema Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo wanavyozika. Anataja makaburi ya wafanyabiashara Wareno yenye misalaba, na msalaba mkubwa wa mawe uliopakwa rangi ya dhahabu karibu na mji. Yaani alichokikuta ni mahali pa kuzikia wasafiri na wachuuzi. Hakuna parokia, hakuna wenyeji waliobatizwa kwa wingi, hakuna shule. Wareno wa Malindi walikuwa wageni wa mfalme Muislamu, wakafa kwa homa, wakazikwa kando ya mji kwa ruhusa yake. Ukisimama uani ukijua hilo, kanisa linaeleweka kwa nini ni dogo na kwa nini liko nje ya mji wa kale.

Barua hiyo ina jambo jingine ambalo watembezaji wangelipenda kama wangelijua. Mzee mmoja Muislamu alimuuliza Xavier kama Wakristo kwao wanajaza makanisa yao, kwa kuwa hapa Malindi, alisema, ibada imepoa: mjini kuna misikiti 17, na ni mitatu tu inayosaliwa, tena na watu wachache. Mzee alikuwa akisikitika, akitafuta sababu. Xavier akamjibu kwa maneno makali ya zama zake, kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, na mzee hakuridhika. Tusisahau mwandishi ni nani: mmisionari anayewaandikia wenzake. Tena idadi ya 17 haimaanishi misikiti mikubwa. Miji ya Waswahili ilikuwa na misikiti ya mitaa, kila ukoo na wake. Lakini mazungumzo yenyewe, watu wawili wa dini mbili wakilalamikiana kuhusu saf zisizojaa, yanaonyesha Malindi ya 1542 vizuri kuliko maelezo yoyote ya urafiki wa mfalme na Mreno yanayotolewa uani hapo.

Na urafiki huo nao uliishia pabaya, ingawa ziara husimama kabla ya kufika huko. Mwaka 1593 Wareno, wakiwa wamekwisha kuuvunja nguvu mji wa Mombasa, walianza kujenga Ngome ya Yesu na wakamhamishia Sultani wa Malindi Mombasa. Mwaka 1614 mtawala wa ukoo huo, Hasan bin Ahmad, aliuawa baada ya kugombana na nahodha wa Kireno. Mwanawe Yusuf alikuwa mtoto. Akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala akiwa Mkristo. Tarehe 16 Agosti 1631 alimuua nahodha wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akatangaza kurudi kwenye Uislamu, na Wakristo wa Mombasa, Wareno na Waafrika, wakatakiwa wachague kusilimu au kufa. Wengi waliuawa. Kanisa Katoliki huwataja kama mashahidi wa Mombasa. Huwezi kueleza jinsi ukoo wa kifalme wa Malindi ulivyokutana na Ukristo ukaishia kwenye zawadi na mahanjumati ya 1498.

Nguzo ya Vasco da Gama ni kituo cha mwisho, na ndicho chenye picha nzuri. Njia ya kuifikia ni ya matumbawe makali, viatu vya ndara havifai. Msimu wa kusi, hasa maji yakijaa, mawimbi hupiga mwamba na rasha huruka hadi njiani, na simu nyingi zimelowa hapo. Maji yakitoka ni salama zaidi, na chini utaona jinsi bahari ilivyoula mwamba kwa ndani. Msisimame ukingoni kwa ajili ya picha, hata mtembezaji akisema ni imara.

Kilicho cha asili ni msalaba wa jiwe la chokaa ulioletwa kutoka Lisbon, wenye nembo ya mfalme wa Ureno. Umbo jeupe la pia linaloushikilia ni la baadaye, limewekwa usianguke. Wengi hupiga picha umbo hilo wakidhani ndiyo nguzo ya Gama. Wala mahali hapa si pake pa kwanza: msalaba ulisimamishwa kwa ruhusa ya mfalme katika safari ile ya 1497 hadi 1499, ndani ya mji, karibu na makao yake. Inasimuliwa kwamba watu wa mji hawakupendezwa kuona msalaba mbele ya nyumba ya mtawala Muislamu, ukaondolewa, na baadaye ukawekwa huku mwambani. Swali la kuuliza hapa ni hilo: kwa nini mfalme alikubali, na kwa nini watu walikataa? Mfalme alihitaji mizinga dhidi ya Mombasa. Watu hawakuwa na haja hiyo.

Kisha kuna kisa cha rubani, kituko cha kila ziara. Utaambiwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu, ndiye aliyempeleka Gama Kalikut, bandari ya India, kutoka hapa. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja Muislamu wa Gujarati. Na daftari la safari lenyewe, lililoandikwa na mtu aliyekuwamo merikebuni, linasema mfalme aliwapa rubani Mkristo. Kukanganyika huko kuna chanzo, na chanzo chenyewe ndicho kitu bora cha kuelezwa kwenye mwamba huu. Gama alipofika Aprili 1498, wakati wa Pasaka, alikuta bandarini merikebu nne za Wahindi. Wareno walitoka kwao wakiamini huko mashariki kuna Wakristo. Wakawakaribisha Wahindi hao merikebuni, wakawaonyesha picha ya Bikira Maria chini ya msalaba akiwa na Yesu mikononi, na wale wakasujudu, na siku za baadaye wakaleta karafuu na pilipili manga na kuomba mbele yake. Wareno waliwasikia wakitamka "Kristo, Kristo". Yaelekea sana walikuwa wakimtaja Krishna, mungu wa Kihindu. Daftari hilo hilo linasema watu hao hawali nyama ya ng'ombe, wana nywele ndefu zilizosukwa, na bado mwandishi anaendelea kuwaita Wakristo. Kwa hiyo Mabaniani walikuwapo Malindi siku ya kwanza kabisa ya Wareno, wakiwa na merikebu zao, mizigo yao na ibada yao, chini ya mfalme Muislamu, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa wageni waliowakosea. Mtembezaji anayekueleza hili kwenye mwamba ule anastahili kuongezwa kitu juu ya bei.

Kinachokosekana kwenye njia nzima ni Wagiriama wenyewe, wenye nchi kuanzia Sabaki kuelekea bara. Sanamu ya Mekatilili wa Menza iko bustanini mjini, karibu sana na njia ya ziara, lakini vikundi vingi hupita bila kusimama. Omba wasimame. Mwaka 1913, Waingereza walipotaka vijana wa kazi na kodi ya kibanda, Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola waliwalisha watu viapo: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume. Kiapo ni dini, si siasa tupu; kilifanyika kayani, yaani kwenye msitu mtakatifu wa wazee, mbele ya fingo, kinga iliyofukiwa humo, na humpata anayekivunja. Waingereza walilielewa hilo, ndiyo maana mwezi wa Agosti 1914 walilipua Kaya Fungo kwa baruti. Huku mjini Malindi serikali hiyo hiyo ilimwachia kadhi mahakama yake na Liwali bendera ya Sultani, kwa kuwa ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani kwa mkataba. Kule bara haikuona kwamba kaya ni mahali pa ibada penye haki yoyote. Tofauti hiyo ya kutendewa ndiyo ingekuwa uti wa mgongo wa ziara kama ingepangwa na mtu anayejali dini. Kaya za Wamijikenda sasa ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, tangu 2008. Kutembelea kaya hupangwa na wazee wake, kwa siku yake, na mavazi yake. Mtu anayekuahidi kukupeleka jioni ile ile kwa bodaboda usimkubali.

Mavazi: wanawake wabebe leso mbili, moja ya kujifunga na moja ya kichwani, na wanaume suruali inayopita goti. Hii si kwa ajili ya msikiti peke yake, ni kwa ajili ya mitaa. Picha za watu huombwa, za wanawake barazani haziombwi hata. Vazi la kuogelea linaloonekana kila siku ufuoni Silversands halifai huku, ingawa ni mwendo mfupi tu.

Watoto chini ya miaka minane huchoka baada ya silakanti. Wanafunzi wa sekondari hufaidika sana, ila mwalimu awe amesoma kabla, na aombe ziara kwa Kiswahili. Ile ya Kiingereza na Kitaliano imekaririwa, ya Kiswahili hulazimisha mtembezaji afikiri, na huko ndiko yanakotoka mambo mengi mazuri ambayo babu zao waliwaeleza.

Anayetaka kuongeza siku asiongeze Gedi kwanza, ingawa ndiyo watakayomuuzia. Gedi iko kilomita 15 hivi kusini, ni pazuri, lina msikiti mkuu na kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, lakini mji ulihamwa na habari yake ni ya kabla ya wakoloni. Kwa somo hili bora Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki kaskazini: kaburi la mnara lililokuwa na bakuli za Kichina, madrasa, na Maulidi ya kila mwaka inayoleta watu kutoka Lamu hadi Tanga. Matatu zipo siku nzima kutoka Malindi. Wakati wa Maulidi hakuna chumba wala kiti, na bei ya tuktuk hupanda. Nenda wiki moja kabla au baada, au nenda siku yenyewe ukiwa na mwenyeji.